Dengu Moja

Daktari wa Norwich amesema: maporomoko.
Nimesita. Mkalimani halipwi kwa kusita,
ila neno limenikwama kama mwiba wa samaki.
Ndivyo Waingereza wanavyouita ugonjwa huu, maji yanayoporomoka,
maana matabibu wao wa kale waliamini
kuna uchafu unaoteremka toka ubongoni,
tone kwa tone,
ukaganda mbele ya mboni, ukawa pazia.

Nikamgeukia Ma Kokushubira,
koti limefungwa hadi kidevuni, na huu ni Mei.
Una mtoto wa jicho, nikamwambia.
Akacheka.
"Miaka sabini na sita, na bado napewa watoto?"
Tukiwa kwenye korido nikampa na lile jina lao.
Akaguna tu.

Usiku sikulala, nikamtunga mwanamke.
Vitabu vimetunza majina ya wenye visu;
wenye macho hawakuandikwa.
Basi huyu nampa langu: Thomasin Pye,
mfumaji wa sufu kando ya mto Wensum,
karne tatu nyuma.

Siku ya gulio wakamkalisha jukwaani,
kichwa kimebanwa kifuani mwa kijana anayenuka pombe.
Tabibu wa kupita akapenyeza sindano
pembeni, kwenye weupe wa jicho,
akasukuma. Kile kiwingu kikazama
kama sarafu kwenye uji.
"Vidole vingapi?"
"Vitatu."
Makofi! Kofia ikazungushwa.
Kesho yake tabibu hayupo mjini,
asije akajua jicho la nani limeoza.

La Thomasin halikuoza. Aliona miaka minne,
kwa ukungu, vitu havina ncha,
lakini nyuzi nyekundu alizijua, na za samawati,
na mjukuu aliyedhani ni mwembamba
kumbe kibonge.

Alipofariki, Januari, ardhi haichimbiki,
daktari wa mtaa, Obadiah Lusher,
akaliomba jicho lile.
Alimwomba nani, sijui. Hapo hata mimi mtunzi naangalia pembeni.
Akalipasua dirishani, mishumaa ilikuwa ghali,
akitafuta pazia lililozamishwa:
utando, kigozi, chochote.

Hakukuwa na pazia.
Chini, kwenye ute, imelala punje
ngumu, rangi ya asali ya siku nyingi,
bapa, mfano wa dengu.
Lenzi yenyewe.
Na nyuma ya mboni, pale ilipokuwa ikikaa,
patupu.

Nadhani alitafuta kiti.
Alifundishwa toka ujana kwamba punje hiyo ndiyo inayoona,
ndiyo mfalme, ukiitoa umezima nyumba.
Na huyu bibi alikaa miaka minne bila mfalme,
akifuma.

Akaandika barua kwa wakubwa, London.
Wakamjibu kwa upole
wa watu wasiosoma hadi mwisho.

Kwa hiyo hakuna kilichoporomoka.
Hakuna mgeni aliyeingia akafunga pazia.
Ni lenzi uliyozaliwa nayo, iliyokupa uso wa mama yako,
imepauka humo humo ndani, polepole,
kama shuka la kila siku.
Na maporomoko bado yanaandikwa kwenye faili,
kosa lililopata uraia.

Sisi nasi tusijigambe.
Aliyesema "mtoto" hakupasua jicho la mtu.
Alibahatisha,
lakini alibahatisha ndani ya nyumba.

Asubuhi, Ma Kokushubira kalala chali,
kofia ya karatasi kichwani, matone yameshatiwa.
Daktari anauliza kama ana swali.
"Muulize, huyo mtoto akitoka wanampeleka wapi?"
Natafsiri. Daktari anatabasamu, anaeleza, nami narudisha:
anavunjwavunjwa kwa mtetemo, anafyonzwa,
anaondoka na maji.
"Na maji?"
Yanashuka kwenye mpira, hadi kwenye chupa.

Akanyamaza kidogo, jicho limetazama taa.
"Basi," akasema, "ndiyo hayo maporomoko yao."